Mtani wa Handakini

Anayetaka kucheka acheke sasa hivi, amalize. Mimi mwenyewe nilicheka siku ile, tena mpaka mbavu zikaniuma, na kicheko hicho ndicho kilichoniponza. Haya ninayowasimulia sikuyasikia kwa mtu wala sikuyaota. Yalinipata mchana kweupe, na mwenye shaka aje Mitwero anitazame kichwani. Tangu kiangazi kile sijavaa kofia, na mtu mzima wa umri wangu kwenda msikitini kichwa wazi kila Ijumaa si jambo la kupita bila kuulizwa.

Acha nianze na kofia yenyewe, maana bila hiyo hamtanielewa.

Mke wangu Somoe alikuwa anashona kofia za mkono, zile nyeupe za vitobo, ambazo moja inaweza kumchukua mwanamke miezi. Aliwashonea wanaume wa nusu ya mji wa Lindi. Mimi mumewe nilivaa za dukani, na kila nikimlalamikia ananiambia nipange foleni kama wenzangu. Mwaka wake wa mwisho ndipo akaanza ya kwangu. Upande wa kulia aliumaliza, maua madogo yanayofuatana vizuri. Upande wa kushoto aliuacha na mistari ya penseli tu, ile aliyochora ili aifuate kwa sindano. Akaumwa, akalala, hakuamka tena.

Niliivaa hivyohivyo, nusu. Watu walidhani nimepungukiwa akili. Sikuwahi kuifua, nikiogopa mistari ile ya penseli isije ikafutika, kwa sababu mkono wake ulipita pale.

Jambo la pili mnalopaswa kujua ni kwamba mimi ni Mmwera, asili yetu Nyangamara, na katika ujana wangu nilikuwa mtani hodari. Sisi na Wangoni ni watani. Mngoni akikukuta unakula anaweza kukunyang'anya tonge mkononi, akuite mtumwa wake mbele ya wakwe zako, na huna ruhusa ya kukasirika. Akifiwa, wewe ndiye unayekwenda kuchimba kaburi na kuwachekesha wafiwa. Mimi fani yangu ilikuwa kulala kaburini. Kaburi likishachimbwa naingia, nalala chali, nafumba macho, nasema hapa nimepapenda na maiti yenu mtafute pengine. Wafiwa wananibembeleza, wanacheka na machozi yanawatoka. Nimelala makaburi mengi, na kila niliyemlalia alizikwa watu wake wakiwa wameshatabasamu japo mara moja.

Siku ya Somoe hakuja mtani hata mmoja. Wale wa zamani wamekufa, watoto wao wako Dar na hawayajui mambo haya, au wanayaona ya kishamba. Tulizika kimya. Nilisimama pembeni ya shimo nikilitazama lile tupu, nikitamani mtu yeyote aruke alale ndani aseme upuuzi. Hakutokea mtu. Niaminini, hilo liliniuma kuliko nilivyoweza kumweleza mwanadamu.

Baada ya hapo nikabaki mwenyewe. Mtoto mmoja yuko Dar, mwingine Dodoma, wanapiga simu Ijumaa. Studio yangu ya picha mjini nilikuwa nimeshaifunga, maana kila mtu sasa ana kamera kwenye simu yake. Nilikuwa napika wali kikombe kimoja na bado unabaki. Binti yangu ndiye aliyeniambia, "Baba, chukua kamera yako utoke. Piga picha hata za miti." Miti sikuitaka. Nikaanza kupiga picha vitu vilivyoachwa: maghala, visima, nyumba zisizo na paa. Sijui kwa nini nilivipenda. Pengine mnajua.

Ndivyo nilivyofika kwenye handaki.

Mkoloni aliwahi kujenga reli huku kwetu kwa ajili ya karanga, karanga zenyewe zikamshinda, na reli ikang'olewa. Mataruma yakawa nguzo za vibanda vya watu. Lakini bara kidogo, njia ya kuelekea kwetu Nyangamara, kuna kilima ambacho reli ilikipita kwa chini, na tundu lile bado lipo. Unaingia upande mmoja, unakwenda hatua kama sitini, unakuta udongo umeporomoka kutoka juu na kuziba kote. Njia ya kuingilia ndiyo hiyohiyo ya kutokea. Hilo mlishike vizuri.

Nilifika na pikipiki yangu karibu saa saba mchana, msimu wa korosho. Karibu na mdomo wa handaki palikuwa na bibi mmoja ananyofoa korosho kwenye mabibo na kuziweka kwenye ndoo, anaitwa Bi Esha, shamba lile ni lake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umepotea?"

Nikamwambia nimekuja kupiga picha handaki. Akanitazama kofia, akaitazama kamera, akaniambia pikipiki niiache pale kivulini ataiangalia, na nikitoka nimletee habari kama popo wake hawajambo. Hakunionya kitu. Nalisema hili kwa sababu kila ninayemsimulia anadhani nilionywa nikakaidi.

Ndani kulikuwa na ubaridi mzuri. Nikaenda mpaka karibu na mwisho, nikasimamisha kamera kwenye stendi yake ya miguu mitatu. Mahali penye giza kama pale picha haipigwi kwa kubonyeza na kuondoka. Kamera inabidi ifumbue jicho nusu dakika nzima na wewe usitikisike. Nina mazoea ya tangu studio, nahesabu kwa sauti. Nikabonyeza, nikahesabu moja mpaka ishirini na tisa, thelathini. Kamera ikalia, ikafunga.

"Thelathini na moja," sauti ikasema kutoka ndani zaidi.

Niliruka. Nyie mngefanya nini? Lakini sauti ilikuwa ya kawaida kabisa, ya kijana wa miaka thelathini hivi, ya mtu anayeongea akiwa amechoka kidogo. Nikaona umbo limekaa chini, mgongo ukutani, magoti yameinuliwa. Tochi ilikuwa mfukoni mwangu. Sikuitoa, kwa sababu mtu hamulikwi usoni, ni utovu wa adabu.

"Nani wewe?"

"Mtu."

"Mtu anakaa gizani anafanya nini?"

"Jua kali. Nimeingia kupumzika."

Mnaona? Jibu la mtu mwenye akili zake. Hata mimi jua lilikuwa limeniunguza njia nzima. Nilichokiona cha ajabu ni kwamba ni kijana na hakuniamkia, nikasema moyoni ndio watoto wa siku hizi. Nikamuuliza kama ni mwenyeji.

"Hapana. Natoka Songea."

"Mngoni?"

"Mngoni."

Jamani! Sijui niwaeleze vipi furaha iliyonishika. Zaidi ya miaka miwili hakuna mtu aliyenitania. Watu wanamhurumia mjane mwanamume, wanamsemesha polepole kama mgonjwa. Na sasa niko chini ya kilima na Mngoni!

"Mtumwa wangu!" nikapiga kelele. "Nani kakuruhusu ukae chini na bwana wako Mmwera amesimama?"

Akainua kichwa, kana kwamba naye anakumbuka jambo la zamani. Kisha akacheka.

"Mtumwa ni wewe. Babu zako wakisikia tunakuja walikuwa wanapanda juu ya miti wanajifanya ndege."

"Na nyinyi mkaamini! Jeshi zima la Wangoni limesimama chini ya mti linasema, tazameni ndege mkubwa, ana miguu kama ya shemeji."

Tukacheka wote. Akaniuliza kidude changu cha miguu mitatu ni mnyama gani. Nikamwambia ni mbuzi, mguu wa nne ameula Mngoni. Nikajikuta nimeketi chini mkabala naye, suruali yangu safi kwenye vumbi, tunarushiana maneno kama vijana. Nilihisi harufu ya udongo mbichi, ile ya shimo lililochimbwa sasa hivi, na msimu ule mvua ilikuwa haijagusa ardhi miezi. Niliihisi nikaipuuza. Nilikuwa na furaha.

Nikamwambia habari za Somoe. Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote kwa urefu ule. Namna alivyoumwa, kofia, wali unaobaki. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kwa hiyo amekukimbia. Nilikuwa nashangaa, mwanamke mwenye mikono mizuri hivyo alikuwa anangoja nini muda wote huo."

Mtu mwingine angemrukia. Mimi nilicheka mpaka nikalala ubavu, na katikati ya kicheko nikagundua nalia, nalia kwa sauti, na yeye ananicheka kwa kulia. Hiyo ndiyo kazi ya mtani. Hiyo ndiyo iliyokosekana siku ile makaburini. Nilitoa pumzi ambayo nadhani niliibana tangu siku ya maziko.

Basi nikamrudishia na mimi. "Na wewe Mngoni gani umeachwa huku peke yako? Au umetoroka kazini? Nyinyi mkishika jembe nusu saa mnaanza kuulizia njia ya Songea."

Hakucheka.

"Sikutoroka," akasema.

"Nakutania, bwana."

"Najua unanitania. Lakini sikutoroka. Uwaambie."

Niwaambie akina nani? Nilimuuliza, nikasikia korosho za Bi Esha tu zinaanguka kwenye ndoo huko nje. Sikutaka kicheko kiishe. Mkiwa wapweke mtanielewa, msipokuwa wapweke shukuruni. Nikatafuta neno la kumrudisha, nikasema lile ambalo watani wanaambiana kila siku ya Mungu.

"Usinune. Ukifa huku mimi ndiye nitakayekuzika. Nitalala kaburini mwako, na sitoki mpaka ukoo wenu wote uje kunipigia magoti."

"Utanizika?"

"Nitakuzika."

"Wewe mwenyewe?"

"Kwa mkono wangu huu. Nitakuchagulia mahali penye mchwa."

Nilidhani atacheka. Alisema polepole, "Na mimi nitakuzika wewe. Haya, nipe rehani."

Kabla sijauliza rehani gani, mkono ukapita juu ya uso wangu na kunivua kofia. Sikumuona akiinuka. Vidole viligusa utosi wangu. Wallahi, baridi ile sijawahi kuijua mahali pengine, na vumbi la udongo likaniangukia kwenye kope.

Mtani akichukua kitu chako huna la kusema. Nimewanyang'anya watu mashati, kuku, hata baiskeli. Lakini siku ile nilimbembeleza mtani kwa mara ya kwanza maishani. "Hiyo hapana, ndugu yangu. Chukua kamera. Hiyo ni ya Somoe."

"Utaikuta siku ya kunizika," akasema.

Hapo nikawasha tochi.

Palikuwa na ukuta, na udongo ulioporomoka, na mahali alipokuwa ameketi vumbi limelala halijakaliwa na mtu. Hakuna nyayo isipokuwa zangu. Nikamulika juu, popo. Nikamulika nyuma, ule mdomo wa handaki uko mbali, mweupe, hakuna aliyepita. Nilikimbia na umri wangu huu, kamera nikaiacha imesimama mle ndani.

Bi Esha aliniona natoka kichwa wazi, akacheka. "Mle ndani mtandao unashika? Nimekusikia unaongea na simu na kucheka karibu saa nzima. Mbona mwenzako simsikii?"

Nilikaa chini kwenye mabibo yake. Nikamwambia mle kuna mtu, Mngoni, amenichukua kofia. Nilitaka aniambie ndiyo, ni kibarua wangu, mpumbavu yule. Aliacha kunyofoa. Akajifuta mikono kwenye kanga taratibu, kidole kimojakimoja.

"Amekwambia hakutoroka?" akauliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

Akanieleza. Marehemu baba yake alikuwa kibarua wa kung'oa reli ile, yeye Bi Esha akiwa mtoto mdogo. Katika kundi lao alikuwapo kijana mmoja kutoka Songea, mcheshi, kila mtu akimpenda. Mchana mmoja wa jua kali kijana huyo aliingia handakini kupumzika. Jioni wakahesabiwa, hakuwapo. Msimamizi akasema ametoroka kwao, akamkata kwenye daftari. Baba yake Bi Esha alikuwa ameona kwamba udongo umeporomoka mle ndani siku ileile. Hakusema. Aliogopa kuambiwa achimbe, na paa bado linadondoka.

"Alikufa analitaja," Bi Esha alisema. "Mwishoni alikuwa ananisahau mimi lakini yule anamkumbuka. Hakutoroka yule, hakutoroka yule."

"Jina lake nani?"

Alinitazama, nikaona macho yake yamelowa. "Baba alikuwa anamwita Mtani. Wote walikuwa wanamwita Mtani tu. Nilimuuliza jina lake, mwanangu, nilimuuliza mara nyingi. Hakulijua."

Ndipo nilipotambua kwamba na mimi sikumuuliza. Nimekaa naye saa nzima. Nimemuuliza kabila, nimemwambia ya moyoni mwangu yote, nimemwahidi kaburi. Jina sikumuuliza, kwa sababu sisi ukishajua kabila la mtani wako umeshajua yote unayoyahitaji kumchekea.

Nilirudi Mitwero kichwa wazi. Usiku ule sikuona mzimu wala sikusikia mlango ukigongwa, sitawadanganya. Kilichonitesa ni kichwa. Pale vidole vilipogusa palikuwa baridi, nikapaweka kitambaa cha moto, baridi. Na nilikuwa natazama msumari wa ukutani nilipozoea kuitundika kofia. Kesho yake nilimaliza mchana mzima nikijiambia nitanunua nyingine, utani ni utani, maneno ya mdomoni hayamfungi mtu. Lakini ile mistari ya penseli itanunuliwa wapi?

Siku ya tatu nilikwenda na sururu.

Bi Esha alikuwa amemweleza mwenyekiti wa kijiji, naye akaja na wanaume wanne na magogo ya kushikilia paa. Hawakuniamini, walikuja kwa heshima ya yule mama. Udongo ule ulikuwa umekauka ukawa mgumu kama tofali. Mikwaju iliyoota juu ya kilima ilikuwa imeteremsha mizizi mpaka humo ndani. Tulichimba siku nzima, tukalala kijijini, tukachimba tena. Adhuhuri ya siku ya pili sururu ilitoa mfupa wa mguu.

Tuliweka sururu chini, tukaendelea kwa mikono. Alikuwa amekaa. Mgongo ukutani, magoti yameinuliwa, kama mtu aliyeingia kupumzika. Na kichwani, chini ya udongo ambao sururu za wanaume watano zilikuwa zimepigana nao siku mbili, alikuwa amevaa kofia.

Ilikuwa yangu. Upande wa kulia maua, upande wa kushoto mistari ya penseli, inasomeka kabisa. Mzizi wa mkwaju, mnene kama kidole gumba, ulikuwa umeingia kutoka juu, umetoboa utosi wa kofia na kutokea chini, na mahali ulipopita nyuzi zilikuwa zimenyooka kuufuata, namna kitambaa kinavyofanya kikikaa na kitu miaka. Siku tatu kabla ya hapo ilikuwa kichwani mwangu mimi. Mwenyekiti aliiona. Bi Esha aliiona, na yeye ndiye aliyenitazama nayo siku ya kwanza nilipofika. Mmoja wa wale wanaume alitoka nje, na hakurudi ndani mpaka tulipomaliza.

Najua mtaniuliza kuhusu picha. Kamera niliikuta pale nilipoiacha. Picha ipo, inaonyesha ukuta na udongo. Hakuna kitu.

Polisi walikuja, wakaandika, wakaturuhusu. Tukachimba kaburi ukingoni mwa shamba la Bi Esha, yeye mwenyewe ndiye aliyeonyesha mahali. Dini yake hatukuijua. Bi Esha akasema Mungu anamjua mja wake, sisi tumsitiri. Nikanunua sanda nikamkafini mwenyewe, kwa mkono wangu huu, kama nilivyosema.

Ikabaki kofia. Mwenyekiti akanishauri tuukate mzizi karibu na kitambaa, tuuvute, niichukue nikaishonee kwetu. Niliishika. Nilikuwa nimekuja kwa ajili yake, siwafichi. Sikuwa nimekuja kumzika mtu, nilikuja kukomboa kofia ya mke wangu. Nikaweka kidole kwenye mstari wa penseli nikaufuata mpaka ulipoishia. Nikamtazama yule aliyenicheka nilipokuwa nalia, ambaye watu wote waliomjua walikubali isemwe kwamba ametoroka, na hakuna mkono uliowahi kumfanyia kitu tangu siku ile. Nikaukata mzizi chini na juu, na kofia nikaiacha palepale alipoivaa.

Kisha nikafanya kazi yangu. Kabla hajashushwa niliingia kaburini, nikalala chali, nikafumba macho. "Hapa pamenifaa," nikasema. "Pana ubaridi. Mngoni mtafutieni pengine, hawa hata juu ya mti wanalala." Wale wanaume walitazamana, vijana, hawajawahi kuona jambo kama lile. Bi Esha ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka huku anajifuta machozi kwa kanga, akanibembeleza nitoke kama inavyotakiwa, na nikakataa mara mbili kama inavyotakiwa, na mara ya tatu nikatoka. Wakati wa kutoka nilimtajia jina langu, la baba yangu na la babu yangu. Nilitumaini atanitajia na lake.

Hakunitajia.

Sasa mnajua kwa nini natembea kichwa wazi. Kila kofia ninayojaribu haikai, naiona nzito pale utosini, na pale penyewe pamebaki baridi mpaka leo, hata nisimame juani saa sita. Daktari alipapapasa akasema ni mzunguko wa damu. Nikamwambia sawa.

Bado napiga picha. Kila nikikuta mahali pa giza nasimamisha kamera, nahesabu mpaka thelathini, na baada ya thelathini nakaa kimya kidogo. Sijasikia thelathini na moja tena. Nilidhani nitashukuru. Wali bado unabaki, na yule aliyenicheka vizuri kuliko watu wote nimemzika mwenyewe.

Basi ninyi mnaonisikiliza, tanianeni, tena tanianeni sana, msiache kama tulivyoacha. Ila mtu ukimwambia utamzika ujue umesema. Na kabla hujamchekea mtu, hata akiwa mtani wako wa damu, muulize jina, ulishike, uwaambie na wengine.

Wanangu nimeshawaita wote wawili nikawausia. Wao wanaona baba anazeeka vibaya, lakini wamekubali. Nimewaambia siku yangu ikifika, kaburi likishachimbwa, wanaweza wakakuta kijana wasiyemjua amelala ndani, amevaa kofia iliyoshonwa upande mmoja, anagoma kutoka. Wasimfukuze, ana haki yake pale. Wambembeleze mara tatu, na kabla hajatoka wamuulize anaitwa nani.